Sura ya Saba: Barabara Kando ya Mto

Barabara nyingi za kale zilifuata mito kwa sababu bondeni ndipo ilipo ardhi ya sawa, na waliozijenga, aghalabu, hawakuzingatia ya kuwa mto hauna maskani ya kudumu. Mahali pa hatari ni upande wa nje wa mpindo wa mto, ambako mkondo, kwa kuwa unakwenda kasi zaidi, hulichimba gema chini ya maji, penye kitako chake, hata juu pakabaki udongo usio na tegemeo. Tena mara nyingi gema hilo halianguki gharika ikiwa imepanda, bali huanguka maji yanapopungua, maana udongo umelowa ukawa mzito, na yale maji yaliyokuwa yakiuegemea yamekwisha kuondoka.

Desturi ya wahandisi imekuwa ni kumwaga majabali. Jabali lina kazi yake, wala silikatai. Lakini ukuta wa mawe matupu aghalabu huisukuma nguvu ya maji ikamfikie jirani aliye chini ya mto, na kuwanyima samaki vivuli na maficho yao.

Katika jimbo la Washington, nchini Marekani, mto Hoh, utokao kwenye barafu ya mlima Olympus ukamwagika katika bahari ya Pasifiki, ulikuwa ukiula ukingo wa barabara kuu namba 101, na mwaka 2004 wahandisi wakajenga mtoni mafungu ya magogo, kwa kuiga yale ambayo mito ya msituni hujirundikia yenyewe. Katika kazi ya namna hii hutafutwa miti mikubwa iliyo pamoja na mizizi yake. Magogo hupangwa kwa kupishana, mizizi ikielekea mkondo unakotoka, na hulemezwa kwa changarawe au kufungwa kwenye nguzo zilizoshindiliwa, yasije yakaelea. Maji yafikapo hapo hugawanyika na kupungua kasi, mchanga ukatua nyuma ya fungu, na juu ya mchanga huo miche ikaota. Na samaki aina ya samoni hupata vilindi vya kupumzikia.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako magogo makubwa ni adimu, naona yafaa zaidi mizizi iliyo hai. Vetiva, jani lenye asili ya Bara Hindi, hushusha mizizi wima hata kufikia mita 3 katika udongo mwema, na aina zilizochaguliwa kwa kazi hii hazitoi mbegu zenye kuota, basi haliwi magugu katika shamba la mtu. Hupandwa mwanzo wa masika, kwa mistari inayoukata mteremko, shina na shina yakiachana sentimita 10 hadi 15. Ila kitako cha gema lazima kikingwe kwanza, kwa mawe au kwa magogo, kwani jani lililopandwa juu ya gema linalochimbwa chini huanguka pamoja nalo; na mbuzi wazuiliwe hata mizizi ishike.