Kupanda gradi bila kuua muchezo

Mu kazi ya mine kila mutu anajua swali hili: mwenzangu aliingia nyuma yangu, juu ya nini yeye anapanda na mimi nabakia pale? Swali hilohilo liko mu muchezo mumoja wa mezani, ule Wafaransa wanaita jeu de rôle. Kwa maoni yangu, njo linaloweza kuvunja meza ya wachezaji mbele hata ya magomvi.

Kwa wasioujua: watu wanne ao watano wanakaa ku meza. Mumoja ni shefu wa meza, anaeleza nchi, mito, adui, mvua. Kila mumoja wa wengine ana mutu wake aliyeandikwa ku karatasi: askari, muganga, mwizi wa usiku. Unasema mutu wako anafanya nini, unarusha dadu kama mu ludo, kiisha munaona kama amefaulu. Hakuna mushindi. Jioni munasimama, siku ya Mungu ingine munaendelea pale mulifikia, na hadisi moja inaweza kudumu miaka. Dungeons & Dragons, muchezo uliofungua njia hii, ulitoka Marekani mu 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mu ule muchezo mutu wa karatasi anaanza gradi ya 1, anakusanya pointi, anapanda, anaongeza nguvu.

Lakini kujifanya mutu mwingine na kupewa cheo, wakubwa wetu hawakungoja Wamarekani. Ngoma ya beni ilizaliwa ku pwani ya Kenya mwisho wa karne ya 19, na Tanganyika ikawa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Vita ya 1914-1918 ikaisambaza pamoja na askari na wapagazi, mpaka Katanga na ku makambi ya mines ya Rhodesia ya Kaskazini, kule waliiita mbeni. Ndani yake mulikuwa kingi, gavana, jenerali, dokta. Mutu aliyeshinda juma nzima na koleo mukononi, siku ya kucheza alikuwa ofisa na nguo yake ya pasi. Na haikuwa nguo tu: chama kilipokea mugeni aliyetoka muji mwingine, kilisaidia kuzika maiti. Nyuma ya grève ya Mei 1935 ku Copperbelt, pale watu sita walikufa kwa risasi Luanshya, serikali ya Waingereza iliulizia mbeni sana: hivi vyeo ni vya kucheza, ao ni jeshi?

Ku Luanshya palepale, mutafiti Clyde Mitchell alieleza mu kitabu cha 1956 ngoma ya kalela, mutoto wa mbeni. Kingi alikuwapo bado, na dokta wa kanzu nyeupe, na mwanamuke aliyevaa kama nesi: yeye alizunguka na kioo na kitambaa ili wachezaji wabakie safi. Minapenda sana huyu nesi. Cheo chake kina kazi inayoonekana. Gradi ya mezani isiyokuletea kazi mupya ni wino tu.

Sasa tufanye hesabu. Kitabu cha mashefu wa meza cha Dungeons & Dragons cha 2014 kinashauri hivi: kikao cha kwanza kiishe, mupande gradi ya 2; kikao kingine, ya 3; vikao viwili tena, ya 4; kiisha vikao viwili ao vitatu kwa kila gradi. Mwisho ni gradi ya 20. Vikao vinne, na gradi kumi na sita kwa vikao viwili na nusu kila moja: jumla 44. Kama munacheza kila siku ya Mungu, mbele mwaka haujaisha mutu aliyeogopa panya anapigana na miungu. Na nyuma ya miungu, nini? Shefu anatafuta adui, anakosa. Wachezaji wanaanza kuchelewa, kiisha simu haziitikwe. Mukicheza mara mbili kwa mwezi, hesabu ileile inawapa karibu miaka miwili. Kwa hiyo, mbele ya kurusha dadu ya kwanza, ulizaneni: tunataka hadisi hii idumu wakati gani? Kama ni miaka mitatu kwa kila juma, fanyeni karibu vikao nane kwa gradi.

Njo pale shida ya mutu wa posti inaingia. Baba anayezunguka posti ya asubuhi, ya mangaribi na ya usiku atakosa vikao, anapenda hapendi. Kama pointi ni za wale waliokuja tu, watoto wake wanapanda, yeye anabakia. Siku anarudi ku meza, mutu wake ni wa kubeba mizigo ya wengine. "Endeleeni, mi ntaangalia," anasema. Mara ya pili haikai hata kuangalia.

Ajabu ni kwamba muchezo wa 1974 ulikuwa na dawa ndani ya hesabu yake. Askari alihitaji pointi 2.000 kwa gradi ya 2, 4.000 kwa ya 3, 8.000 kwa ya 4, 16.000 kwa ya 5: kila mara maradufu. Tuchukue watoto wenye 8.000, gradi ya 4, na baba anayeanza na sifuri, gradi ya 1. Wote wakipata 8.000 pamoja, watoto wanafika gradi ya 5, baba ya 4. Umbali wa gradi tatu umebakia moja, na hakuna aliyepewa zawadi. Lakini sharti baba asife njiani, maana adui amepimwa kwa nguvu ya wale wakubwa. Shefu mwenye akili anampa kazi ya nyuma kwanza: taa, kamba, kuangalia mulango.

Meza zingine zinaacha pointi kabisa: wote wanapanda siku moja, aliyekuja na asiyekuja. Mimi minaona njo njia ya haki mu nyumba ya mutu wa posti. Mwenye kulalamika, mumuulize kama yeye angetaka kukatwa juu ya kwenda kazi.

Kuna njia ingine, inayofanana na kazi ya mikono. RuneQuest ya 1978 haina gradi. Ukifaulu kutumia ufundi fulani, kupanda ao kupiga upanga, unatia alama pembeni yake. Nyuma ya hadisi unarusha dadu, na lazima upite kiwango ulichonacho ndipo kiongezeke. Asiyejua anajifunza upesi. Fundi mukubwa anasogea kidogokidogo sana. Mwenye kufundisha kijana soudure atasema: ni vile.

Na Traveller ya 1977 inageuza yote. Mutu wako anafanya kazi mbele ya muchezo kuanza: miaka minne, tena minne, ku jeshi ao ku meli za biashara, na dadu inasema kama amepandishwa cheo, hata kama amekufa. Anatoka amezeeka, na franka kidogo. Muchezo unaanza pale. Wale zaidi ya 10.000 waliotoka Gécamines na Départ Volontaire ya 2003-2004 hawana lazima ya kuelezwa. Ndani ya Traveller nguvu haiongezeki sana; kinachosukuma watu ni deni la meli, kulipa kila mwezi kwa miaka 40. Hadisi inadumu kwa sababu deni linadumu.

Bado kuna siku mutu wa karatasi anafika juu kabisa. Mimi ningemupa retraite: anakuwa mwenye kijiji, ao mwenye duka ku njia kubwa, na muchezaji anachukua karatasi mupya, pengine ya mutoto wake, gradi ya 1. Karatasi ya zamani shefu anaitunza. Siku moja wale wapya watafika ku mulango wa muzee kukopa punda, na yeye atauliza watarudisha lini.