Swali lako limejibiwa, ila si kila mtu ameliona jibu

Kwa nini mafuta ya nazi yanaganda ukiwa Iringa, halafu ukishuka nayo Dar yanakuwa maji? Jibu lenyewe ni fupi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 24 za Selsiasi. Asubuhi za Iringa mara nyingi ziko chini ya hapo, na Dar muda mwingi wa mwaka iko juu yake. Basi.

Lakini leo sitaki tuzungumzie nazi. Nataka tulifuate swali lenyewe. Mtu akiliuliza mtandaoni linapita wapi, nani analiona, na jibu likipatikana linamfikia nani?

Kwenye grupu la WhatsApp mambo ni mepesi: aliyemo anaona kila kitu, asiyemo haoni kitu. Kwenye Facebook, X au TikTok kuna kampuni moja yenye hifadhi moja ya data, na algorithimu ndiyo inayoamua swali lako lipandishwe au lizame. Hapo mafuta ya nazi yanashindana na ugomvi wa mastaa, na mshindi unamjua.

Kuna aina ya tatu, ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku bila kuipa jina. Mtu wa Gmail anamwandikia mtu wa Yahoo na barua inafika. Hakuna anayelazimika kuhamia kampuni ya mwenzake, kwa sababu kampuni zote zimekubaliana namna moja ya kupeana barua. Mwaka 2016 Eugen Rochko, mtengeneza programu wa Ujerumani, alianzisha Mastodon akiwa na wazo kama hilo kwa upande wa mitandao ya kijamii: seva nyingi, kila moja na mwenye nayo na kanuni zake, lakini watu wa seva hizo wanaweza kufuatana na kujibizana. Lugha ambayo seva hizo zinazungumza leo inaitwa ActivityPub, na ilipitishwa rasmi na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, Januari 2018. Elon Musk aliponunua Twitter Oktoba 2022, watu wengi walihama, wakiwemo watafiti. Kwa maelezo ya Rochko mwenyewe, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walitoka kama 300,000 hadi milioni 2.5 ndani ya Oktoba na Novemba mwaka huo.

Ukitaka picha, fikiria vijiwe vya kahawa. Kariakoo wana chao, Magomeni chao, Temeke chao. Hakuna kijiwe kikuu ambacho habari zote lazima zipite. Habari inatoka kijiwe kimoja kwenda kingine kwa sababu kuna mtu anayekaa huku na ana jamaa kule.

Sasa tulitume swali. Tuseme Neema ana akaunti kwenye seva ya kwanza, na wafuasi wake wako seva ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akibonyeza kutuma, seva yake haiweki posti mahali pamoja ili watu waje kuisoma. Inatengeneza nakala na kuipeleka kwenye seva ya pili na ya tatu, kama vifurushi vinavyopakiwa kwenye mabasi ya mikoa tofauti. Seva ya nne haina mtu anayemfuata Neema, kwa hiyo haipelekewi chochote. Kwa seva ya nne, swali hilo halipo duniani.

Halafu Asha wa seva ya tatu analipenda swali na kulisambaza kwa wafuasi wake. Mmoja wao ni Juma, na Juma yuko seva ya nne. Swali limefika. Ila kumbuka limefika swali tu. Jibu lililoandikwa na mtu wa seva ya pili linakwenda kwa Neema na kwa wafuasi wa huyo aliyejibu. Kwa Juma huenda lisifike kabisa. Juma anaona swali zuri halina jibu hata moja, anamwonea huruma dada wa watu, anaandika aya nzima kuhusu nyuzi 24. Neema anaipokea ikiwa ya kumi na mbili.

Watumiaji wa Mastodon wanalijua hili na wanalilalamikia: watu kumi wanakuelekeza jambo lilelile, kila mmoja kwa nia njema, na wewe unadhani wanakufundisha kwa makusudi. Si kiburi chao. Hawaonani. Hata idadi ya waliopenda posti inatofautiana kutegemea unaitazama kutoka seva gani, kwa sababu taarifa ya kupenda inapelekwa kwa mwenye posti, haitangazwi kila mahali.

Jibu sahihi kurudiwa ni kero tu. Linalonisumbua mimi, kama mtu wa sayansi, ni jibu baya. Tuseme mtu wa seva ya pili anamjibu Neema: "Yakiganda ujue yamechakachuliwa, mrudishie muuza duka." Jibu hilo lina ladha, lina adui, linasambazwa lenyewe bila swali. Linafika seva ya tano, ya sita, ya saba. Baadaye mwanafunzi wa kemia anajibu kwa upole kwamba kuganda ni tabia ya kawaida ya mafuta hayo. Sahihisho lake linakwenda kwa Neema, kwa aliyekosea na kwa wafuasi wake mwenyewe. Kule saba hakuna aliyelisikia. Wanaoona ni tuhuma, na kuna mama mwenye duka anayesubiri kuulizwa kwa ukali asubuhi. Kwenye mtandao wa kampuni moja sahihisho linaweza kuzikwa na algorithimu, ni kweli, lakini angalau liko chini ya posti ileile na mwenye hamu atalikuta akishuka. Hapa huenda hata lisiwe kwenye kompyuta anayosomea.

Tatizo lenyewe si geni. Usenet, ambayo wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, waliibuni mwaka 1979, nayo ilipitisha ujumbe kutoka kompyuta hadi kompyuta ya jirani. Watu walizoea kupokea jibu kabla swali lenyewe halijafika!

Mbona seva zisiulizane tu? Kwa sababu kuna gharama. Posti ya mtu mwenye seva ndogo ikivuma, maelfu ya seva zikibisha hodi kwa pamoja kuuliza "kuna majibu mapya?", seva hiyo inaanguka. Watengenezaji wa Mastodon walikwenda taratibu, na ni katika matoleo ya 2025 ndipo programu ilianza kufuata yenyewe majibu yaliyokosekana. Seva ambazo hazijasasishwa bado ziko palepale.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo la ziada. Hashtagi hapa haikuonyeshi dunia nzima, inakuonyesha posti ambazo seva yako imewahi kupokea. Ukiwa Mswahili peke yako kwenye seva ya Wajerumani, ukatafuta Kiswahili ukakuta ukurasa mtupu, usikate tamaa mapema. Huenda watu wapo na wanapiga soga kila siku, ila seva yako haijawahi kupata sababu ya kuwapokea. Mfuate hata mmoja wao, na posti zake mpya zitaanza kuingia, na za anaowasambaza pia. Kwa lugha yenye watu wachache humo, kumfuata mtu ni zaidi ya adabu.

Na ukitaka kujibu swali la mtu usiyemjua, fungua kwanza posti yake kwenye seva yake ya asili. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo. Utaona kama wameshakutangulia kumi na moja.

Neema naye ana la kufanya. Tangu 2022 Mastodon inaruhusu kuhariri posti, na posti ikihaririwa, nakala mpya inapelekwa kwa wafuasi wake, kwa waliomjibu na kwa waliosambaza, ambao wanapata na taarifa kwamba imebadilika. Yaani hariri ya muulizaji inasafiri mbali kuliko jibu la mtaalamu. Kwa hiyo akishapata jibu anarudi kwenye swali lake, anaongeza mstari mmoja chini: hayajachakachuliwa, yanaganda chini ya nyuzi 24, ukiyaweka juani yanarudi. Asha anapata taarifa, na anaweza kulisambaza tena mpaka kwa Juma.