Chombo cha Wazee Wawili

Ewe msomaji, mwenye kushuka pwani ya Kunduchi mapema baada ya sala ya alfajiri huona mambo ambayo mtu wa mjini huyasikia tu. Mashua zarudi na samaki wa usiku, wachuuzi wanaingia majini mpaka magotini ili wawe wa kwanza kununua, na ng'ambo kisiwa cha Mbudya kinaanza kuonekana na mibuyu yake. Nyuma ya kijiji yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye minara, ambayo mengine yalipachikwa bakuli za kaure zilizotoka Uchina. Basi watu wa hapa wamekuwa na shughuli na bahari tangu zamani za mababu zao, wala si wageni wa maji ya chumvi.

Siku moja ya kaskazi tulikuwa hapo, na mbele ya mashua za wavuvi tukaona kimetia nanga chombo cha Kizungu, cheupe, chenye mlingoti mmoja mrefu. Juu yake mzee mwenye nywele nyeupe alikuwa anashona tanga, na bibi wa makamo yake anaanika nguo kwenye kamba. Karibu yetu aliketi mzee mvuvi akitengeneza nyavu. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akatueleza kuwa wale ni mume na mke, wamestaafu kazi kwao, na chombo kile ndicho nyumba yao. Waenda bandari hata bandari, na leo wana siku ya tatu hapo. Akanyamaza kidogo akifunga fundo, kisha akatuuliza: "Hivi, wanangu, watu hawa hawana wajukuu?"

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kwetu pwani nahodha akizeeka hupandisha chombo mchangani, akawaachia wanawe usukani, naye akakaa barazani na tasbihi yake. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani mambo yamegeuka: ujana wao waumaliza ofisini, na nguvu zikianza kupungua ndipo baadhi yao wauza nyumba, wanunue chombo cha tanga, washuke baharini wakiwa wawili tu. Tusiwacheke upesi. Hapa Tanzania mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Siku hiyo hupewa kiinua mgongo na maneno mazuri, kisha hurudi nyumbani kwa mke ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akimwona usiku tu. Aghalabu mume hajui kukaa nyumbani, na mke hajui amweke wapi. Tumeona nyumba ngapi ambazo ugomvi wake ulianza siku ile mume alipoacha kazi! Bwana asimama jikoni kuhesabu vitunguu. Bibi atamani safari za kikazi zirudi.

Basi watu wawili wa namna hiyo, watie ndani ya chombo cha futi 38, ambacho chumba chake ni kidogo kuliko ukumbi wa nyumba ya Manzese. Hapana mlango wa kutokea kwa hasira. Usiku lazima wagawane zamu: mmoja ashike usukani na kutazama taa za meli, mwingine alale, na baada ya saa tatu au nne wabadilishane. Maji matamu yapimwa kwa kikombe. Tanga likipasuka, mmoja apanda na mwingine ashika kamba, na uhai wa aliye juu umo mikononi mwa aliye chini. Watu wawili wasiosemezana hawawezi hata kung'oa nanga. Ndiyo maana wanaodumu katika maisha hayo si lazima wawe hodari zaidi wa bahari. Wengi wao ni wale waliokwisha kujua kusameheana nchi kavu.

Kisa cha watu wawili kama hao chatuhusu sana, kwa kuwa walikuwa wanakuja kwetu. Bwana Paul Chandler na mkewe Bibi Rachel, Waingereza, walistaafu mapema wakawa wanasafiri kwa chombo chao kiitwacho Lynn Rival, nacho kilikuwa cha futi hizo hizo 38. Mwezi wa Oktoba 2009 waliondoka Mahé katika visiwa vya Shelisheli, nia yao ni kufika Tanga. Usiku wa tarehe 23, Bibi akiwa zamuni na mumewe amelala, wakaingiliwa na watu wenye bunduki. Walikuwa maharamia kutoka Somalia, mamia ya maili kutoka pwani ya kwao. Mume wakati huo alikuwa akiukaribia umri wa miaka 60.

Walipelekwa kaskazini wakahamishiwa katika meli kubwa ya mizigo, Kota Wajar, ambayo nayo ilikuwa imetekwa siku chache nyuma. Meli ya Kiingereza iitwayo Wave Knight ilikuwa karibu, watu wake wakaona kwa macho, lakini hawakuthubutu kupiga risasi kwa kuogopa kuwaua wale waliotaka kuwaokoa. Kile chombo kitupu kiliokotwa kikarudishwa Uingereza. Wenyewe waliteremshwa nchi kavu, wakawa wanahamishwa porini kutoka kambi hata kambi.

Katika mateso yote yaliyowapata, lililowaumiza zaidi halikuwa njaa wala joto. Watekaji walitaka kuwatenganisha, nao wakang'ang'aniana, wakapigwa: mume kwa mijeledi, mke kwa kitako cha bunduki. Kisha wakawekwa mbali mbali kwa muda wa miezi mitatu hivi, kila mmoja hajui kama mwenzake yu hai. Jamaa zao walichanga fedha zikatumwa katikati ya mwaka 2010. Maharamia wakazipokea na bado wakawazuia, wakadai zaidi. Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010, baada ya siku 388, wakapitia Mogadishu hata Nairobi.

Hapa hatuna budi kusema neno, ijapokuwa ni chungu. Waliofanya haya walikuwa na majina kama yetu. Walidai kuwa tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 meli za kigeni zimekuwa zikiiba samaki wao, na dai hilo lina ukweli ndani yake. Lakini wazee wawili katika mashua ya tanga hawakumwibia mtu hata dagaa. Sharia yawaita watu wa namna hii wakata njia, na imewawekea adhabu kali kuliko ya mwizi wa kawaida, kwa sababu huharibu amani ya msafiri, na msafiri katika Uislamu ana haki kubwa. Walakini tusisahau upande wa pili. Wasomali walioko Uingereza walisimama hadharani wakaomba wazee wale waachwe. Daktari Msomali alikwenda kuwatibu wakiwa mateka. Na miongoni mwa waliohangaika hata wakafunguliwa alikuwamo Bwana Dahir Kadiye, Msomali mkaazi wa London aliyekuwa dereva wa teksi, aliyefunga safari mwenyewe kurudi nchi aliyoikimbia. Magazeti ya dunia yalijaza kurasa kwa habari za maharamia. Za huyu dereva yalisema kidogo.

Si wote waliosalimika. Mwezi wa Februari mwaka 2011 Bwana Scott Adam na mkewe Jean, Wamarekani waliokuwa wakizunguka dunia katika chombo chao Quest, walitekwa upande wa Omani pamoja na rafiki zao wawili, na tarehe 22 ya mwezi huo wote wanne wakauawa. Kwa miaka kadhaa baadaye vyombo vya matanga vya wageni viliiogopa pwani yetu yote, hata sehemu ambazo haramia hajapata kukanyaga. Tangu mwaka 2012 uharamia ulipungua sana, ijapokuwa mwishoni mwa 2023 ulianza kuchomoza tena.

Je, Bwana na Bibi Chandler walifanya nini baadaye? Walikitengeneza kile kile chombo, na mwaka 2012 wakatweka tanga wakaondoka tena. Wako watakaosema ni wazimu. Sisi twaona ya kuwa watu waliong'ang'aniana chini ya mijeledi hawakuwa wakipenda bahari tu.

Wala bahari yetu hii ya Kunduchi haihitaji haramia ili imtishe mtu. Kusi, tangu Aprili hata kiasi cha Septemba, huvuma kwa nguvu, na mkondo wa bahari, ambao kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati huo huzidi kasi. Mwenye kwenda Mafia kwa tanga hapiti hatua mbili ila arudishwe moja. Ilikuwa ni katika kusi, tarehe 18 Julai 2012, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, ndipo meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipozama karibu na Chumbe, ikaacha mayatima katika kila mtaa wa Unguja. Kaskazi, tangu Desemba hata Machi, ni mpole zaidi, na baina ya pepo hizo mbili, kabla ya kaskazi kushika, ipo matlai, ambayo wazee waisifu kwa utulivu wake. Tena kuna miamba na mafungu: Fungu Yasini, Pangavini, Mbudya yenyewe. Maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na palipokuwa na njia asubuhi adhuhuri pana mawe. Visiwa hivi pamoja na Bongoyo vilifanywa hifadhi mwaka 1975, lakini baruti za wavuvi wasio na huruma zimeua matumbawe mengi tangu hapo, na matumbawe ndiyo kingo ya pwani. Mwenye kutembea Kunduchi leo ataona jinsi bahari ilivyokula ufukwe na majengo.

Vijana huenda wakauliza: je, Mwislamu aweza kuishi hivi na ibada zake zikatimia? Dini haikumfungia mtu bandari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mabaharia waliochukua maji matamu machache kama watawadhe kwa maji ya bahari, akawajibu kuwa maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Asiyeweza kusimama kwa kuogopa kuanguka husali ameketi, na safari ikifika masafa waliyoyataja wanachuoni hupunguza sala zake. Jambo moja latupendeza: kutoka Kunduchi kibla ni karibu sawasawa na kaskazini, na Tanga nayo iko kaskazini. Basi mwenye kutweka hapa kwenda Tanga kibla chake kiko omoni, na chombo chenyewe chamwelekeza.

Tena yuko mtu wa kwetu katika dini ambaye bahari haikumwacha astaafu. Nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi wa Kuwait alishuka pwani hii mwaka 1939 na jahazi lake Bayan, akapita Lamu, Mombasa na Unguja hata Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri naye, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Petroli ilipoitajirisha Kuwait majahazi yaliachwa mchangani, na al-Nejdi akawa mtu wa nchi kavu. Mwezi wa Februari 1979, naye ana umri wa kiasi cha miaka 70, alikwenda kuvua na rafiki zake wawili. Dhoruba ikawakuta, hakurudi. Msomaji atagundua ya kuwa katika kisa hiki hatukutaja mke. Na katika visa vyote vya manahodha wetu tunavyovijua, mke ni yule aliyebaki pwani akitazama upeo wa maji.

Siku ya pili tulirudi Kunduchi kumtafuta yule mzee mvuvi. Chombo cheupe kilikuwa kimekwenda zake usiku, maji yalipojaa. Mzee tulimkuta pale pale, na kando yake mkewe anakaanga samaki katika karai kubwa, moshi ukimwingia machoni. Tukamwambia mzee kuwa swali lake limetusumbua, na yamkini wale wazee wana wajukuu, ila wamechagua kuwa wawili kwanza. Akacheka. Tukamuuliza, je, yeye amepata kumpakia mama huyu mashuani, walau mpaka Mbudya?

"Bahari ni kazi," akasema. "Akafuate nini?"

Bibi akageuza samaki mmoja, kisha wa pili, wala hakututazama. "Mwaka wa arobaini na mbili huu tangu anioe, wanangu," akasema. "Mbudya naiona kila siku. Baba Mwanaidi hajaniuliza hata mara moja kama nataka kwenda."

Mzee akaacha nyavu. Akamtazama mkewe, akatazama kisiwa, na akatuuliza sisi, kana kwamba yeye si mvuvi, maji yatajaa saa ngapi kesho.