Uaminifu wa Mashindano ya Hewani (2): Simu Zilizopigwa Mshindi Akiwa Amekwisha Kuchaguliwa

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia Washington, tarehe 2 Novemba 1959, siku Charles Van Doren alipokiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba majibu aliyokuwa akiyatoa kwenye chemsha bongo ya Twenty-One alipewa na watayarishaji kabla ya kipindi. Mwaka uliofuata sheria ilitungwa, kwa kuwa hadi wakati huo kupanga matokeo ya chemsha bongo ya televisheni hakukuwa kosa la jinai. Wengi wanaokisimulia kisa hicho hukimalizia hapo, wakiamini kwamba tatizo lilikwisha.

Mimi naona sheria ile iliziba tundu moja tu. Ililenga swali na jibu, yaani nani alipewa nini kabla ya kuingia studio. Enzi hizo mtazamaji alidanganywa bila kutoa hata senti. Aliyelipia Twenty-One alikuwa mdhamini, kampuni iliyouza dawa ya Geritol, na mdhamini huyo ndiye aliyewaka kwa hasira Septemba 1956, pale kipindi cha kwanza kilipochezwa kwa haki na washiriki wakakosea swali baada ya swali hadi kikachosha. Majibu yakaanza kugawiwa ili kumridhisha. Miaka hamsini baadaye simu ilikuwa imekwisha kuingia katikati ya mchezo, mlipaji akawa mtazamaji mwenyewe, na udanganyifu ukahamia mahali ambapo sheria ya 1960 isingeuona.

Twende Uingereza, Februari 2007. Jioni, Channel 4 ilikuwa ikirusha kipindi cha Richard & Judy, na ndani yake mchezo ulioitwa You Say, We Pay. Aliyetaka kushiriki alipiga namba maalumu kwa pauni moja, akaacha jina lake, akasubiri kwa matumaini. Gazeti la Mail on Sunday likafichua kwamba orodha fupi ya watu 24 ilikuwa ikichukuliwa kipindi kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Watangazaji, ambao walisema wao wenyewe hawakulijua jambo hilo, waliendelea kuwahimiza watu wapige. Kila aliyepiga baada ya orodha kutoka alikatwa pauni yake nzima kwa nafasi isiyokuwepo, sawasawa na abiria anayekatiwa tiketi ya basi lililokwisha kuondoka stendi.

Kwa nini orodha itoke mapema? Sababu yake ni ya kawaida mno, na ndiyo maana naipa uzito. Kipindi kinakwenda moja kwa moja. Mshiriki anatakiwa apigiwe, apatikane, sauti yake isikike vizuri, aelezwe taratibu, kisha asubiri kwenye laini hadi aitwe. Kazi hiyo inakula dakika, na hakuna kinachoogopwa na watu wa redio na televisheni kama ukimya hewani. Upande wa pili kila simu inaingiza pesa, kwa hiyo hakuna mwenye haraka ya kufunga laini. Mahitaji hayo mawili yanavutana: la kwanza linataka mshiriki achaguliwe mapema, la pili linataka laini zifungwe kwa kuchelewa. Pengo linalobaki katikati linajaa pesa za watu. Halihitaji njama kubwa ya usiku wa manane. Linaweza kuendelea kwa miaka ikiwa hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza simu za dakika za mwisho zinakwenda wapi.

Na kweli liliendelea kwa miaka. Aprili 2007 kipindi cha uchunguzi cha BBC, Panorama, kilionyesha kwamba GMTV, kituo cha asubuhi kilichotazamwa na mamilioni, kilikuwa na ugonjwa huohuo: kampuni iliyopewa kazi ya kupokea simu iliteua washindi kabla ya laini kufungwa. Hali hiyo ilidumu takriban miaka minne. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, iliitoza GMTV faini ya pauni milioni 2 mwezi Septemba, na Desemba ikaitoza Channel 4 pauni milioni 1.5.

Kati ya visa vyote vya mwaka ule, kinachonigusa zaidi ni cha Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC ambacho vizazi vya Waingereza vimekua nacho. Tarehe 27 Novemba 2006 kipindi hicho kiliendesha shindano la simu kuchangia mradi wa UNICEF wa kuwasaidia watoto wa Malawi waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Simu moja ilikuwa peni 10, na sehemu yake ikaenda kwenye mchango. Karibu simu 14,000 zilipigwa. Saa ya kumtafuta mshindi mitambo ikagoma, orodha ya waliopiga haikuonekana, na sekunde zilikuwa zinakwenda. Mtu mmoja wa utayarishaji akamchukua mtoto aliyekuwa ametembelea studio siku hiyo, akampa simu, akamwambia ajifanye anapiga kutoka nje. Mtoto akajibu swali, akatangazwa mshindi, akapewa zawadi.

Mitambo kuharibika si dhambi. Mtangazaji angeweza kusema hewani kwamba kuna hitilafu, mshindi atapatikana kesho, na watoto wangeelewa, kwani watoto huelewa ukweli uliosemwa wazi kuliko tunavyowadhania. Kilichofanyika ni kumfundisha mtoto mmoja kudanganya ili maelfu ya wenzake wasijue kwamba mtambo umekufa, na hayo yakafanyika kwa jina la yatima wa Malawi. Ofcom iliitoza BBC pauni 50,000 mwezi Julai 2007, mara ya kwanza kwa shirika hilo kutozwa faini na mamlaka hiyo. Ikumbukwe kuwa BBC huendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na nyumba zinazotazama televisheni, maana yake wazazi wa watoto waliodanganywa ndio waliochangia faini.

BBC ilipojichunguza ilikuta mengine, na moja linatuhusu sisi wa huku. Kipindi cha muziki cha White Label, cha World Service, kilikosa mshindi wa shindano lake mwezi Aprili 2006, kikatangaza jina la mtu asiyekuwepo duniani. Idhaa ya Kiswahili, inayosikika tangu 1957, ni sehemu ya World Service hiyohiyo. Wazee wetu wengi walirekebisha saa zao za ukutani kwa mlio wake. Shindano dogo la muziki linaonekana si kitu mbele ya taarifa ya habari, lakini msikilizaji hana masikio mawili, moja la habari na jingine la michezo.

Kituo cha ITV nacho kilipatikana na makosa ya namna nyingine. Kwenye Ant & Dec's Saturday Night Takeaway watu waliolipia simu waliteuliwa kwa kuangalia wanaishi wapi na kama wana uchangamfu wa kuonekana vizuri kwenye televisheni, ilhali waliambiwa kila mmoja ana nafasi sawa. Katika tuzo za vichekesho za mwaka 2005, kura za watazamaji ziliipa ushindi The Catherine Tate Show, lakini tuzo ikakabidhiwa kwa wengine. Mei 2008 Ofcom iliitoza ITV pauni milioni 5.675.

Ukiviweka visa hivi pamoja utaona kwamba, isipokuwa Blue Peter, White Label na tuzo ile ya vichekesho, uovu haukutendeka wakati wa kumtangaza mshindi. Ulitendeka kabla. Shahidi mwadilifu angesimama studio saa ya droo, angeona jina likitoka kwenye kapu kwa haki kabisa, na angeweka sahihi yake bila kusema uongo. Asichoweza kukiona ni majina ambayo hayakuingia kapuni.

Korea Kusini walipata njia nyingine ya kuona. Julai 2019 kituo cha Mnet kilimaliza shindano la kuunda kikundi cha waimbaji, Produce X 101, ambapo watazamaji walipiga kura kwa ujumbe mfupi wa kulipia. Matokeo yalisomwa kwa tarakimu kamili. Vijana waliokuwa wakifuatilia wakapiga hesabu nyumbani kwao, wakagundua kwamba tofauti ya kura 29,978 inajirudia mara tano kati ya washiriki waliofuatana. Kura za mamilioni ya watu haziwezi kupangika hivyo zenyewe. Polisi waliingia, mtayarishaji Ahn Joon-young akakamatwa Novemba mwaka huo, na Mei 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Washindi walikuwa wamekwisha kuamuliwa. Wakorea waligundua ndani ya siku chache kwa sababu tarakimu zilitangazwa. GMTV iliendelea miaka minne kwa sababu mtazamaji hakupewa hata tarakimu moja ya kuipigia hesabu.

Sasa tuangalie kwetu. Kwa bahati tu, mwezi Machi 2007, kashfa za simu zikiwa zinachemka London, M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Leo msikilizaji wa Eldoret au Mbagala hatumi tu ujumbe kwenye namba fupi, anatuma na pesa yenyewe, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku, akisukumwa na mtangazaji anayehesabu dakika zilizobaki. Tanzania tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na picha ya afisa wake akisimamia droo tumeizoea magazetini. Nauheshimu uwepo wake. Ila naomba asogezwe nyuma. Droo ni mwisho wa safari. Mahali pa kusimama ni pale ujumbe unapoingia kwenye kompyuta ya kampuni inayopokea, na maswali yake ni manyoofu: dirisha lilifungwa saa ngapi, orodha ya droo ilitengenezwa saa ngapi, jumbe zilizolipiwa ni ngapi na ngapi ziliingia kwenye orodha? Mtandao ukisongamana, ujumbe uliotumwa saa mbili kasoro dakika tano unaweza kufika saa mbili na robo. Pesa imekatwa. Je, nafasi imehesabiwa?

Ushahidi wa saa una nguvu kuliko kiapo. Katika kisa kilekile cha Twenty-One alikuwepo mshiriki aitwaye James Snodgrass ambaye mwaka 1957 alipopewa majibu aliyaandika, akayatia kwenye bahasha, akajitumia mwenyewe kwa rejista kabla ya kipindi kurushwa, na hakuzifungua barua hizo. Zilipofunguliwa mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959, watayarishaji hawakuwa na la kujibu. Posta haikuwa na faida yoyote katika chemsha bongo, na muhuri wake ulionyesha tarehe. Baada ya kashfa zake, Uingereza nayo ilielekea huko: mwaka 2008 Ofcom ilibadili masharti ya leseni, kituo chenyewe kikabebeshwa wajibu hata kama kazi ya simu kimeipa kampuni nyingine, na ikalazimu mtu huru athibitishe hesabu za simu na kura.

Sisi tuna chombo ambacho Posta ya Snodgrass haikukiweka mikononi mwa kila mlipaji. Kila muamala wa simu unabeba namba ya mtumaji, kiasi alicholipa, na saa hadi sekunde. Ningependa mamlaka zetu za michezo ya kubahatisha na za utangazaji zidai kumbukumbu hizo kutoka kampuni ya simu moja kwa moja, zisipitie kwa kituo, na kituo kitangaze hewani idadi ya walioshiriki kabla ya kutaja mshindi. Aliyelipa dirisha likiwa limefungwa, au ujumbe wake ukaachwa nje ya orodha, arudishiwe pesa yake siku hiyohiyo. ITV iliahidi kurudisha pauni milioni 7.8, lakini kumtafuta kila mtu aliyepiga miaka mingi nyuma kutoka simu ya mezani ni kazi ngumu. Kituo cha Nairobi au Dar es Salaam hakina ugumu huo, kwa kuwa namba iliyolipa ndiyo namba ya kurudishia.

Wiki ijayo tutazungumzia wanaoshindana wenyewe: mikataba wanayotia sahihi vijana kabla ya kupanda jukwaani, na nini kinabaki mikononi mwao taa zikizimwa.

Itaendelea.