Mkubwa ni jalala: Mzigo wa wakuu wa vyuo vikuu

WAHENGA walisema mkubwa ni jalala. Siku hizi methali hii inamwafiki sana Naibu Chansela wa chuo kikuu cha umma. Mhadhiri akikosa mshahara, lawama ni zake. Mwanafunzi akikosa chumba bwenini, lawama ni zake. Hata serikali ikichelewesha fedha, anayenyoshewa kidole ni yeye.

Hapa kwetu Bonde la Ufa mfano wa karibu ni Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. Kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima. Baadaye kikawa chuo cha diploma za kilimo, na mwaka 1987 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili. Vyuo vikuu vya Laikipia, Chuka na Kisii, vilivyopata hati zao mwaka 2013, vilizaliwa kutoka kwake.

Lakini mwaka 2021 mzazi huyu alilia njaa. Wahadhiri waligoma wakilalamikia mishahara iliyokatwa, kesi zikafika mahakamani na masomo yakasimama. Mzazi aliyeuza viazi Molo au ng'ombe Rongai ili alipe karo alimwona mwanawe akirudi nyumbani na sanduku lake.

Pesa zilikwenda wapi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia karo yote, na vingine vikafuata. Fedha hizo zilifungua matawi mijini na kuajiri watu wengi. Kisha wizi wa mtihani wa KCSE ukadhibitiwa. Mwaka 2016 waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 pekee, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Karibu wote walipata nafasi za kufadhiliwa na serikali. Wa kujilipia wakapungua mno, lakini majengo na wafanyakazi wakabaki.

Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo wa kugawa ufadhili na mikopo kulingana na uwezo wa familia. Wazazi wengi walilalamika kuwa watoto wao waliwekwa katika kundi lisilowafaa. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Katika mvutano kama huo, mkuu wa chuo hupanga bajeti asijue fedha zitafika lini.

Mwaka 2025 nao, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Deni hilo halikuwa la Naibu Chansela mmoja, lakini madarasa matupu yalikuwa yake.

Wafanye nini?

Kwanza, mtu hujikuna ajipatapo. Matawi na kozi zisizo na wanafunzi zifungwe au ziunganishwe, hata kama wanasiasa wa eneo watanuna.

Pili, vyuo vitumie vilicho navyo. Egerton ina mashamba, ina wataalamu wa mbegu na mifugo, na ina kasri la Lord Egerton kule Ngata ambalo huvutia wageni. Tusidanganyane, hivyo havitalipa mishahara yote. Lakini mwenye shamba hapaswi kulala njaa akingoja mgao wa jirani.

Tatu, na ndilo kubwa, ni uwazi. Zamani Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, na mkuu wa chuo aliitazama Ikulu. Leo nafasi hiyo hutangazwa na watu wakahojiwa. Basi mkuu awajibike kwa wanaolipa, yaani wazazi na walipa ushuru. Hesabu za chuo zianikwe mbele ya wahadhiri na wanafunzi kila muhula. Anayejua kilichoingia na kilichotoka huvumilia, anayefichwa hugoma.

Nawe mzazi, unapompeleka mwanao chuoni, usiulize karo na bweni tu. Uliza pia kama waalimu wake wamelipwa. Jalala lisipozolewa, harufu hufika katika kila nyumba.