Huduma Ikianguka Usiku, Isiinuliwe kwa Pupa

GoTHOMIS, mfumo uliotengenezwa chini ya TAMISEMI kwa ajili ya hospitali na vituo vya afya, unaweza kuendeshwa kwenye seva iliyoko kituoni bila kutegemea intaneti. Tuseme seva ya namna hiyo iko Kamsamba, inatumia Linux, na afisa TEHAMA yuko Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Momba. Saa nane usiku umeme unakatika, kisha unarudi. Seva inawaka, lakini programu ya malipo, ambayo ni huduma, yaani inafanya kazi kimyakimya bila dirisha lolote kwenye skrini, inaanguka kwa sababu hifadhidata bado inajirekebisha. Wengi huandika `Restart=on-failure` kwenye faili ya huduma, ili iwashwe upya ikianguka, wakaridhika. Agizo hilo likiachwa peke yake halimfai mtu wa zamu.

Hesabu ndiyo inayoliumbua. Systemd, msimamizi wa huduma katika Debian na Ubuntu tangu 2015, husubiri sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya kuwasha upya huduma iliyoanguka. Ikishaiwasha mara 5 ndani ya sekunde 10, haiiwashi tena. Hifadhidata inayohitaji dakika nzima itakuta majaribio yamekwisha zamani, na huduma imelala hadi asubuhi. Ukiweka `RestartSec=5` bila kugusa kikomo hicho cha majaribio, unaangukia upande wa pili: mara 5 hazitimii ndani ya sekunde 10, kwa hiyo kikomo hakifikiwi kamwe. Kama diski imejaa, huduma itakufa na kufufuka usiku kucha, na ujumbe wa kwanza uliotaja kosa utazikwa chini ya maelfu ya mistari ya kumbukumbu za mfumo.

Utasema mgonjwa aliye foleni anataka risiti, hana haja na mistari hiyo. Kweli, ndiyo maana sipingi huduma kujiinua. Napinga haraka isiyo na kikomo, na kikomo kisicho na subira. Weka `RestartSec=30`, halafu chini ya `[Unit]` weka `StartLimitIntervalSec=600` na `StartLimitBurst=5`: majaribio matano kwa takriban dakika mbili, kisha isimame ionekane imeshindwa. Hapo `journalctl -u` pamoja na jina la huduma itakuonyesha kama diski imejaa au kerneli imeiua kwa uhaba wa RAM. Tibu chanzo, kisha `systemctl reset-failed`, ndipo uiwashe.

Kabla ya kuondoka kituoni, iue huduma kwa makusudi kwa `systemctl kill -s KILL` uone inavyoinuka. Usijaribu kwa ishara ya TERM: kwa `on-failure`, systemd huihesabu hiyo kuwa kifo halali, na haitaiinua.