Je, Wajua? Mwezi Ukipevuka, Mto Hujaa Watu

Je, wajua kwamba mamilioni ya Wahindu hujua siku ya kufunga, siku ya kuoga mtoni na siku ya kuwakumbuka marehemu wao kwa kuufuata mwezi? Anayengoja mwezi uandame kila Ramadhani ataelewa mara moja. Ila wao hawapandi juu ya paa kuutafuta. Hupiga hesabu, na hesabu hizo huchapishwa kila mwaka katika kitabu cha kalenda kiitwacho panchang, ambacho hukosekana kwa nadra katika nyumba ya mcha Mungu.

Je, wajua kwamba siku yao ya mwezi haianzi usiku wa manane wala magharibi? Huitwa tithi, nayo ni muda ambao mwezi huchukua kulitangulia jua kwa nyuzi 12 angani. Mwezi hauendi kwa kasi moja siku zote, kwa hiyo tithi fupi huwa na saa 19 hivi, na ndefu hufika saa 26. Yaweza kuanza saa nane mchana, yaweza kuanza saa tisa usiku. Sikukuu nyingi hufuata tithi iliyopo jua linapochomoza, na jua likichomoza Nairobi, Delhi ni karibu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana mara nyingine siku takatifu huadhimishwa Jumanne kule India na Jumatatu huku kwetu, na pande zote mbili ziko sahihi.

Je, wajua kwamba tithi 30 hufanya mwezi mmoja, nao hugawanyika nusu mbili? Nusu ya mwanga huishia mwezi mpevu, yaani Purnima. Nusu ya giza huishia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, yaani Amavasya. Diwali ya taa na fataki, ambayo watu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wameizoea, huangukia Amavasya: taa huwashwa katika usiku wa giza totoro kuliko zote.

Je, wajua kwa nini Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi, lakini Diwali haitoki nje ya kipindi cha katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba? Mwaka wa mwezi una siku 354, pungufu kwa siku 11 ukilinganisha na mwaka wa jua. Kalenda ya Kiislamu huiacha tofauti hiyo ijilimbikize. Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miezi 32 au 33 ili sherehe zisiyaache majira yake. Mwaka 2023 mwezi wa Shravana ulikuja mara mbili, na mwaka 2026 ni zamu ya Jyeshtha. Katika mwezi huo wa ziada harusi huahirishwa, lakini sadaka, sala na kuoga mtoni husifiwa kuliko kawaida.

Je, wajua kwamba Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, ni siku ya kufunga nafaka na jamii ya kunde? Wali hauliwi, chapati haziliwi, dengu hazipikwi. Matunda, maziwa, viazi na karanga huruhusiwa, na pia sabudana, punje nyeupe zinazotengenezwa India kwa wanga wa mhogo. Mwaka wa kawaida una Ekadashi 24. Iliyo ngumu kuliko zote ni Nirjala, ya mwezi wa Jyeshtha, ambapo hata maji hayanywewi, wakati joto la kaskazini mwa India hupita nyuzi 40. Inasimuliwa kwamba Bhima, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, hakuiweza njaa, akaruhusiwa kufunga siku hiyo moja badala ya zote 24.

Siku moja kabla ya Nirjala ni Ganga Dussehra, ukumbusho wa mto Ganga kushuka kutoka mbinguni. Simulizi husema mfalme Bhagiratha aliuomba ushuke uyasafishe majivu ya wahenga wake, wana 60,000 wa mfalme Sagara. Nguvu ya maji ingeipasua dunia, ndipo mungu Shiva akayapokea kwenye nywele zake na kuyaachia polepole. Mto wenyewe, wa kilomita zipatazo 2,500, huanzia chini ya barafu ya Gangotri, na kijito chake cha kwanza kinaitwa Bhagirathi hadi leo.

Je, wajua kwamba kuoga mtoni si kujisugua? Mtu hushuka ngazi za mawe, huingia hadi kiunoni, huzama mara tatu au zaidi, kisha huelekea jua linalochomoza, huchota maji kwa viganja viwili na kuyaacha yatiririke yarudi mtoni. Maji mengine huyatolea kwa kuwataja wazazi na mababu waliofariki. Sabuni haina kazi pale. Akiondoka hubeba kichupa cha maji nyumbani, kwa sababu mtu anayekata roho huwekewa matone yake mdomoni. Tangu 2016 Posta ya India huyauza maji hayo, yakiwa yamefungwa kwenye chupa.

Aliye mbali na India hutaja majina ya mito saba juu ya ndoo ya maji kabla ya kuoga: Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri. Saraswati haionekani popote juu ya ardhi. Waumini husema hutiririka chini kwa chini na kukutana na Ganga na Yamuna mjini Prayagraj, ule uliojulikana kama Allahabad hadi 2018. Ukipanda mashua hapo utaona mstari majini: upande mmoja maji ya Ganga yenye rangi ya udongo mweupe, upande wa pili ya Yamuna yenye ukijani.

Je, wajua kwamba mkusanyiko mkubwa wa Kumbh Mela huongozwa na sayari pia? Mshtarii hulizunguka jua kwa karibu miaka 12, na buruji inayokaliwa na sayari hiyo ndiyo huamua zamu ya mji: Prayagraj, Haridwar, Ujjain au Nashik. Kwa hakika mzunguko huo haufiki miaka 12 kamili, hupungua kidogo tu, na upungufu huo hujilimbikiza. Ndiyo maana Haridwar ilifanya Kumbh mwaka 2010, kisha 2021, miaka 11 badala ya 12. Simulizi husema miungu na majini waligombania chungu cha kinywaji cha uzima wa milele, na matone yakadondoka katika miji hiyo minne.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hakuna jambo linalonistaajabisha kama mji wa muda wa Prayagraj. Mvua za masika ya India zikikatika, mto hurudi nyuma na kuacha tambarare ya mchanga. Juu ya mchanga huo hujengwa barabara za mabati mazito, madaraja ya maboya, hospitali, vituo vya polisi, mitambo ya maji na mahema yasiyo na idadi. Kwa Kumbh ya 2025 serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ilipatangaza mahali hapo kuwa wilaya kamili kwa muda. Sherehe zilianza Januari 13, siku ya mwezi mpevu, zikaisha Februari 26, usiku wa Shiva. Siku 45. Serikali hiyo ilisema walioingia majini walizidi milioni 660, wengine wakihesabiwa zaidi ya mara moja. Kisha kila kitu hung'olewa, na mvua zikirudi mto hulifunika eneo lote.

Ndani ya mji huo wamo wanaoitwa kalpwasi, wengi wao wazee wa vijijini, na ndio ninaowaheshimu kuliko wote. Hawa huja mwezi wa Magha kila mwaka, Kumbh iwepo isiwepo. Hulala chini, hula mlo mmoja kwa siku, huoga mtoni kabla ya jua kuchomoza huku baridi ikiwa chini ya nyuzi 10. Mlangoni mwa hema hupanda mche wa mrihani mtakatifu na punje za shayiri, na shayiri ikichipua hufurahi. Desturi ni kurudi miaka 12 mfululizo.

Je, wajua kwamba katika karne ya 7 mtawa wa Kichina, Xuanzang, alimkuta Mfalme Harsha hapohapo mchangani akigawa hazina yake yote kuwa sadaka, hadi vito alivyovaa?

Je, wajua kuhusu Chhath? Ni siku ya sita baada ya Diwali, na jimbo zima la Bihar huhamia mtoni. Hakuna kuhani anayehitajika. Wanawake, baada ya kufunga saa 36 hivi bila tone la maji, husimama majini wakiwa wameshika nyungo za mianzi zenye miwa, ndizi, nazi na vitumbua vikavu vya ngano. Hulitolea jua linalotua, hukesha, kisha hulitolea linalochomoza.

Je, wajua kwamba Mto Nile nao umo katika habari hii? Majivu ya Mahatma Gandhi yalitiwa mtoni Prayagraj mnamo Februari 12, 1948, na sehemu yake ililetwa Jinja, Uganda, ikatiwa pale Nile inapotoka Ziwa Nyanza. Sanamu yake ipo hapo hadi leo.

Lakini Ganga, mto unaoabudiwa, unaumwa. Mwaka 1896 mwanasayansi Mwingereza, Ernest Hankin, aliandika kwamba maji ya Ganga na Yamuna huua vijidudu vya kipindupindu. Uwezo huo hautoshi. Miji iliyo kando huumwagia maji taka, na mwaka 2025, Kumbh ikiendelea, bodi ya taifa ya kudhibiti uchafuzi iliripoti kwamba maji ya Prayagraj hayakufikia kiwango cha kuogea katika sehemu kadhaa. Wapo waliojitoa kwa ajili ya mto huu. Veer Bhadra Mishra wa Varanasi alikuwa mkuu wa hekalu na pia profesa wa uhandisi wa maji. Alioga mtoni, akapima uchafu wake, akapigania mitambo ya kusafisha hadi kifo chake mwaka 2013. G. D. Agrawal, profesa aliyegeuka mtawa, alifariki Oktoba 11, 2018 baada ya kugoma kula siku 111 akidai Ganga iachwe itiririke. Mto ambao watu wako tayari kuufia unastahili mitambo inayofanya kazi, na hilo ni deni la serikali kabla ya kuwa la muumini.

Na msongamano huua. Alfajiri ya Januari 29, 2025, siku ya Mauni Amavasya ambayo waumini huoga kimya, mkanyagano ulitokea Prayagraj. Polisi walitangaza vifo 30.

Kumbh zinazofuata ni Nashik mwaka 2027 na Ujjain mwaka 2028. Msomaji unayepanga kwenda, epuka siku kuu za kuoga, hasa ukiwa na watoto au wazee. Siku yoyote ya kawaida utaingia majini na kutoka kwa amani.